Tochi ya Mama Nice

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, Nyansurura iliamka na ukungu mwembamba kutoka upande wa mto, na manyunyu yaliyotosha kutuliza vumbi bila kuligeuza tope. Ilikuwa asubuhi ambayo mwenye maksai angefunga nira. Bhoke hakuwa na maksai tena. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, Biblia wazi juu ya godoro, simu imeegemezwa kwenye mto ili tochi imulike ukurasa. Alisoma kwa kidole, neno moja baada ya lingine, kama alivyofundishwa katika darasa la jioni la watu wazima. Alimaliza zaburi, akaomba, akasema amina, akabonyeza alama ya tochi ili aizime.

Tochi haikuzimika.

Alibonyeza tena, kwa nguvu zaidi, halafu akamwita binti yake Nice, ambaye alikuwa jikoni akipuliza moto.

"Mama, unabonyeza kama unaua chawa," Nice alisema. "Gusa tu."

"Haya, gusa wewe."

Nice aligusa. Alama ikageuka kijivu, maana yake tochi imezimwa, lakini mwanga ukabaki. Alifungua kamera na kuifunga, kwa sababu wakati mwingine kamera huishikilia tochi. Alitoa kava. Aliizima simu yote. Skrini ikawa nyeusi, muziki wa kuagia ukalia, na mwanga ukabaki palepale, mweupe, umetulia, ukimulika ukuta.

Ukutani palikuwa na kivuli cha kigoda. Chumbani hamkuwa na kigoda. Kilichokuwa kikikaa mahali pale kilikuwa cha marehemu Revocatus, mume wa Bhoke, na shemeji yake Heche alikichukua wiki ya matanga, akisema hakifai kukaliwa na mwanamke. Bhoke alikitazama kile kivuli, akaitambua miguu mitatu na ufa wa pembeni, kisha akatandika kitanda.

"Itaisha chaji," alisema.

Haikuisha chaji. Jioni betri ilikuwa palepale ilipokuwa asubuhi. Jirani mmoja alishauri waifukie simu ndani ya mchele, kwa kuwa mchele hunyonya unyevu. Nice aliifukia kwenye sufuria ya mchele, na mchele wote ukang'aa kama umetoka kuoshwa. Waliufunika kwa mfuniko, mwanga ukapita kwenye kingo za mfuniko. Bhoke aliutoa mchele, akaupika, wakala. Ulikuwa wali wa kawaida.

Kabla ya kulala alipiga magoti tena. "Bwana," alisema, "kama hii ni hitilafu, iondoe. Kama si hitilafu, nipe akili ya kuitumia." Akajifunika shuka usoni.

Alikuwa na jambo kubwa zaidi la kuombea kuliko tochi. Shamba lake lilianzia nyuma ya nyumba na kushuka hadi mtoni, na ndilo lililowalisha yeye na Nice. Revocatus alipokuwa hai, mpaka kati yake na mdogo wake Heche ulikuwa mstari wa mikonge ulioanzia karibu na mto. Revocatus alipofariki, Heche alikuja kuwachukua maksai wawili wa kaka yake. Alisema nyumba ile haina mtoto wa kiume, na nyumba ya namna hiyo zizi lake hushikwa na ndugu. Wazee wa ukoo walikubali kwamba ndivyo ilivyo. Kisha, kila ulipokaribia msimu wa kupanda, mikonge ilikutwa imesogea kuelekea nyumba ya Bhoke. Heche alikuwa akiing'oa na kuipanda upya, na kulima ardhi iliyobaki nyuma yake kwa maksai walewale. Sasa mstari ulikuwa umefika kwenye mpapai ulio nyuma ya choo. Ukisogea mara moja tu zaidi, Bhoke na Nice wangebaki na ua wa kufagia.

Bhoke alikuwa amelalamika. Wazee walikuja, wakaitazama mikonge, wakaona ni minene na ya miaka mingi, si miche ya juzi. Heche aliwauliza ni nani kati yao aliyewahi kuona mkonge ukitembea. Hakuna aliyewahi. Walimwambia Bhoke awe na subira, wakanywa chai, wakaondoka.

Jumatano alipanda bodaboda kwenda Mugumu. Alikuwa ameifunga simu ndani ya kitenge, akakikunja kitenge na kukikunja tena, lakini mwanga ulipita na kumulika mgongo wa dereva.

"Mama, zima taa, mchana huu," dereva alisema.

"Ndiyo safari yenyewe hiyo, baba. Endesha."

Fundi simu aliitwa Oduol. Kijana huyo alikuwa na wajomba Migori, na likizo nyingi za utotoni alizimalizia kwao, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimevuka mpaka na kurudi. Kibanda chake kilikuwa karibu na stendi, na meza yake ilijaa simu zilizofunguliwa matumbo.

"Shikamoo, mathe."

"Marahaba, mwanangu. Tochi haizimiki."

"Hiyo ni kitu kidogo. Kaa hapo."

Alianza na mambo madogo. Aliizima, akaiwasha huku ameshikilia kitufe cha sauti, akaingia kwenye ukurasa ambao Bhoke hakuwahi kuuona, akatoka. Aliifuta simu yote hadi ikawa kama imetoka dukani, ikauliza inataka kuongea lugha gani. Mwanga ulibaki. Alichukua bisibisi, akafungua mgongo, akatoa betri na kuiweka upande wa kushoto wa meza. Mwanga ulibaki. Aliichomoa ile balbu yenyewe, ndogo kama punje ya mtama, akaiweka juu ya karatasi. Balbu haikuwaka. Mwanga uliendelea kutoka kwenye tundu ilimokuwa.

Oduol alipuliza tundu, kwa sababu vumbi huleta mambo mengi. Kisha akarudisha kila kitu mahali pake na kukaza skrubu.

"Mathe, hii simu iko sawa kabisa. Iko sawa kuliko yangu."

"Lakini haizimiki."

"Hiyo ni tabia, si ugonjwa." Aliinua kidole na kuonyesha sakafuni. "Na kuna hiyo. Umeiona?"

Chini ya meza, mwanga ulipoangukia, palikuwa na kivuli cha cherehani ya miguu. Gurudumu lilionekana wazi, na mkanda wake, na pedali.

"Kabla yangu hapa alikuwa fundi nguo, dada mmoja, Sharon," Oduol alisema. "Alichelewa kodi, mwenye nyumba akamfungia. Siku aliyofunguliwa, cherehani haikuwemo. Mwenye nyumba akasema haijui." Alivuta kiti chake upande ili asiikanyage pedali. "Kumbe ndiyo maana goti langu linagonga kitu kila siku."

"Kwa hiyo inaonyesha vivuli."

"Inaonyesha vivuli vya vitu vilivyotolewa mahali pake, mathe. Vitu vingine inaviacha tu, angalia, hata kikombe changu haikishughulikii. Kwako nyumbani hakuna kitu kilitolewa mahali pake?"

Bhoke alifikiri kidogo.

"Kipo," alisema.

Oduol alikataa malipo, akisema hakuna alichotengeneza. Alimwomba tu asiondoke upesi, achungulie kwanza duka la mwenye nyumba upande wa pili wa ukuta. Bhoke alichungulia, akaielekeza simu. Vivuli vilikuwa vingi mno, kama vya mali za wapangaji wengi waliowahi kufungiwa humo, dukani hapakuwa na pa kukanyaga. Mwenye nyumba alimwuliza anataka kununua nini. Alisema hataki kitu, akaenda stendi.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mti wa mjohoro, alikwenda kwenye zizi tupu akiwa na Nice. Majani yalikuwa yameota ndani yake. Aliinyoosha simu. Mwanga wake haukuhitaji giza. Ulishuka juu ya majani katikati ya jua, na juu ya majani pakawa na vivuli vya maksai wawili, mmoja akiwa na pembe iliyopinda kuelekea sikioni.

"Chuma," Nice alisema.

"Na yule Korongo," alisema Bhoke. "Tazama shingo yake."

Vivuli vilikuwa vikicheua. Nice alikata majani mabichi kando ya zizi, akayatupa mbele yao, na vivuli vikainamisha vichwa. Bhoke aliondoa simu, akaiingiza kwenye kitenge, lakini vivuli havikuondoka. Vilikuwa vimefika kwao. Asubuhi walikuta majani yako palepale, mabichi, isipokuwa hayakuwa na kivuli. Kivuli cha majani kilikuwa kimeliwa.

Siku hiyohiyo, nyumbani kwa Heche, maksai waliamka bila vivuli. Walikunywa maji kama kawaida na kwenda malishoni kama kawaida. Watoto wa Heche ndio walioliona jambo hilo, kwa sababu watoto wengine malishoni waliwauliza kwa nini wanachunga ng'ombe wa Mama Nice.

"Ni wetu," mkubwa wao alijibu.

"Wenu wana vivuli. Hawa wawili je?"

Alirudi nyumbani mapema na kusema hatachunga tena.

Bhoke hakuwa na habari hizo. Alikuwa shambani. Alianzia kwenye mpapai nyuma ya choo, ambapo mikonge ilikuwa imesimama sasa, akashuka taratibu kuelekea mtoni huku ameishika simu mbele ya kifua kama mtu abebaye bakuli la maji. Mahindi machanga ya Heche yalikuwa yameanza kutoboa ardhi pande zote. Alitembea juu ya ardhi iliyokuwa yake msimu uliopita, kisha juu ya ile iliyokuwa yake msimu wa kabla ya huo, na mwanga haukuonyesha kitu. Karibu na mto ndipo kivuli cha kwanza kilipojitokeza, majani yake marefu kama visu yakiwa yametandazwa juu ya udongo. Kisha cha pili, kisha vyote, vimenyooka mstari mmoja hadi kwenye jiwe la wafuaji nguo.

Aligeuka kutazama alikotoka. Kule juu, kando ya choo, mikonge yenyewe ilikuwa imesimama kwenye jua, minene, yenye miiba, na ardhi chini yake ilikuwa imemulikwa sawasawa, bila doa. Mbuzi wa jirani, ambao saa zile za mchana hulala kwenye kivuli cha mikonge ile, walinyanyuka mmoja mmoja, wakateremka hadi mtoni, wakalala mahali palipokuwa na kivuli bila mkonge.

Bhoke alipiga magoti katikati ya mahindi ya Heche, akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akaenda kwa mzee Elia, msemaji wa ukoo, kuomba kikao.

Kikao kilipangwa Jumapili mchana, shambani, baada ya ibada. Asubuhi Bhoke alikwenda kanisani na simu yake ndani ya kitenge. Mzee wa kanisa alisimama kutoa matangazo, na kama kawaida akaomba simu zote zizimwe. Bhoke alinyanyuka.

"Mzee, yangu haizimiki. Fundi ameshindwa."

"Imejaribiwa kutolewa betri?"

"Imetolewa."

"Basi iangalie chini, mama, isimsumbue mhubiri."

Bhoke aliielekeza chini. Sakafuni, kuanzia miguuni pake hadi mlangoni, vikaonekana vivuli vya mifuko ya saruji, imepangwa vizuri, ile iliyochangwa kwa ajili ya kumalizia ukuta wa nyuma. Waumini walisogeza miguu ili wasiikanyage. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alihamia benchi la nyuma, halafu akatoka kuangalia baiskeli yake. Mahubiri yalikuwa mazuri, juu ya uvumilivu. Mvua kidogo iliingia kupitia ukuta wa nyuma.

Mlangoni, Dorka, kiongozi wa akina mama, alimshika Bhoke mkono. Dorka alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu waliovuka mto.

"Leo mchana tunakuja," alisema.

"Kikao ni cha ukoo, Mama Dorka. Wanaume."

"Hatutakaa kikaoni. Tutakaa shambani. Kikao kikitukuta shambani, shauri lake."

Mchana, wazee walifika na viti vyao, na akina mama walikuwa wameshaketi kwenye nyasi za mtoni, wanamenya karanga. Heche alikuja mwisho. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye kucheka kwa urahisi, na alisalimia kila mtu vizuri.

"Shikamoo, tata," alimwambia Elia, kama mtu amwitavyo baba yake. Kisha akamgeukia Bhoke. "Shemeji, tochi kali hivyo ungepeleka disko."

"Disko sijapotelewa na kitu, shemeji. Nimeileta nilikopotelewa."

Akina mama walicheka. Elia alikohoa, akasema waanze kwa sala, wakaanza kwa sala.

Bhoke aliitoa simu kwenye kitenge, ingawa haikuwa lazima. Vivuli vilikuwa vimeshalala pale tangu Alhamisi, na mbuzi walikuwa juu yake. Alieleza kwa ufupi. Wazee walitembea kutoka kivuli hadi kivuli, mikono nyuma, wakirudi kutazama mikonge iliyo kando ya choo, ambayo haikuwa na vivuli. Mmoja alisema jua limekaa vibaya. Mwingine alisema jua limekaa kama linavyokaa siku zote.

"Ninaomba kusema," Heche alisema. "Sisi sote tumewahi kushika tochi. Ukiipeleka kulia, kivuli kinakwenda kushoto. Shemeji anaelekeza simu anakotaka, na mpaka unakwenda anakotaka."

Ilikuwa hoja nzuri na wazee waliitikia kwa vichwa. Elia alinyoosha mkono, akapewa simu. Aliipeleka kulia. Aliipeleka kushoto. Aliinama, akainyanyua juu, akaizungusha nyuma ya mgongo wake kama mtu anayetafuta kiraka cha suruali. Vivuli havikusogea.

"Haviendi popote," Elia alisema.

"Lakini kivuli hakina mizizi, tata. Mkonge una mizizi. Mkonge uko kule."

Elia alimrudishia Bhoke simu. Kisha akaomba jembe.

Alikwenda kwanza kule juu, kwenye mikonge yenyewe, akachimba chini ya mmoja, akachimba chini ya mwingine. Alipata udongo. Akateremka hadi mtoni, akachimba kwenye shina la kivuli cha kwanza, pale majani yote yalipokutana. Jembe halikuwa limeingia sana alipoinama na kuokota kitu cheusi, akakipangusa kwa kidole gumba. Kilikuwa kipande cha mkaa. Alichimba kwenye kivuli cha pili, akapata kingine.

"Marehemu baba yenu alikuwa na desturi yake," alimwambia Heche. "Hakupanda mpaka bila kuweka mkaa chini. Alisema mkonge utaungua, utaliwa na fuko, lakini mkaa hauozi. Nilikuwepo siku mlipopanda huu. Wewe ndiye uliyebeba gunia la mkaa, na Revocatus alibeba miche."

Heche alikitazama kile kipande cha mkaa. Wakati wa kuhamisha mikonge alikuwa amekumbuka kila kitu, hata kuipanda ikitazama upande uleule. Mkaa alikuwa ameusahau.

"Mzee," Dorka aliita kutoka kwenye nyasi, "miaka yote hii ulikuwa unajua habari za mkaa?"

"Nilijua."

"Mbona hukuchimba?"

"Hakuna aliyeniomba nichimbe," Elia alisema. "Mama Nice alilalamika. Kuchimba hakuomba."

Wazee wengine walisema hilo ni kweli. Waliketi, wakanong'onezana, na baada ya muda Elia akasimama kutoa neno. Mpaka umeonekana. Mpaka unarudi mtoni, na chote kilicho juu yake hadi kwenye nyumba ni shamba la Bhoke, na mahindi yaliyoota humo ni yake kwa kuwa yameota kwake. Heche hataing'oa mikonge tena, na kama mtu akiing'oa, kuna mkaa. Akina mama walipiga vigelegele hadi mbuzi wakaamka.

Bhoke alisubiri vigelegele viishe.

"Na maksai, baba? Vivuli vyao viko kwangu. Chuma na Korongo. Kila mtu amepita akaviona zizini."

"Tumeviona," Elia alisema. "Hakuna anayebisha."

"Basi warudi."

Elia alikunja uso kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo na utata. "Mpaka ni jambo moja. Zizi ni jambo lingine. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume, zizi lake linashikwa na ndugu. Desturi hii sisi hatukuianzisha, tuliikuta. Maksai watakaa kwa Heche." Alifikiri kidogo, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. "Vivuli utabaki navyo."

Kikao kilifungwa kwa sala.

Jumatatu manyunyu yalirudi. Akina mama walifika na majembe kabla umande haujakauka, wamefunga khanga viunoni, Dorka akiwa mbele. Heche alikuwa ameacha kipande kikubwa katikati bila kulima, kigumu, kilichokanyagwa na ng'ombe kwa miaka, na Bhoke alitaka apande maharage humo kabla mvua haijapita. Kwa majembe ya mkono ilikuwa kazi ya kuumiza migongo.

Nice alitangulia mbele na simu, kama watoto wanavyotangulia mbele ya maksai kuwaongoza. Aliinyoosha chini. Kutoka zizini vivuli viwili vikatoka kwa mwendo wa pole, pembe iliyopinda upande wa kushoto kama ilivyozoea, vikaja hadi mwanzo wa shamba na kusimama sambamba. Nice akapiga mluzi. Vivuli vikaenda. Akina mama wakafuata nyuma wakiinua majembe, na udongo ulikuwa laini kuliko walivyotegemea.

"Ardhi hii si walisema ngumu?" mmoja aliuliza.

"Ilikuwa ngumu," Dorka alisema. "Lima, acha maneno."

Waliimba. Walicheka. Mwanamke mmoja aliyekuwa amekuja na mtoto mgongoni alisema hajawahi kulima bila kusimama kupumzika, akasimama kupumzika ili asivunje mazoea. Kufikia saa za kuandaa chakula walikuwa wameshuka hadi mtoni na kurudi, na kipande chote kilikuwa kimefunguka, cheusi, kinanukia mvua. Nice aligeuza mwanga kuelekea nyumbani, vivuli navyo vikageuka, vikarudi zizini na kulala. Bhoke alisimama mwisho wa tuta na kuitazama ardhi. Machozi yalimtoka, akayaacha. Tangu siku ya mazishi hakuwahi kusimama mbali hivyo na nyumba yake akiwa bado kwake.

Wakiwa wanakula, Heche alifika pamoja na mzee Elia. Ng'ambo ya mpaka maksai wawili walikuwa wamefungwa kwenye mti wake, Chuma na Korongo wenyewe, wanatafuna. Jua lilikuwa limetoka na ardhi chini ya matumbo yao ilikuwa nyeupe.

"Shemeji, hongera kwa shamba," Heche alisema. Hakucheka. "Mpaka nimeukubali, sina kinyongo. Ninaomba kitu kimoja tu. Izime hiyo tochi. Wanangu hawataki kwenda malishoni. Juzi mnadani walikuja kunitazama watu ambao hawanunui ng'ombe."

"Warudishe kwenye vivuli vyao, utatazamwa vizuri," Dorka alisema.

"Mama, sikuongea na wewe."

Elia aliinua mkono. "Mama Nice, umepata shamba. Mshukuru Mungu, na umpe ndugu yako amani. Ahidi utaizima. Sema mbele ya watu hawa, tusikie, tukae kwa utulivu."

Akina mama waliacha kutafuna. Bhoke aliweka sahani chini, akapangusa mikono kwenye khanga. Aliichukua simu kutoka kwa Nice, akagusa alama ya tochi kwa kidole kimoja, taratibu, kama alivyofundishwa. Alama ikageuka kijivu. Mwanga ulibaki. Aliinyanyua ili wote waone kwamba amejaribu. Kisha akasimama wima, akasema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mpaka:

"Baba Elia, na wewe shemeji, na ninyi akina mama, na Mungu anayesikia. Tochi hii nimeombea izimike. Binti yangu ameizima, fundi wa Mugumu ameitoa betri, kanisani imetangazwa, na leo mbele yenu nimeigusa. Haikukubali. Sasa nami ninaahidi. Hata asubuhi moja nikiamka nikakuta imekubali, sitaizima. Nitaiweka dirishani imulike zizi, mvua inyeshe, jua liwake, mpaka Chuma na Korongo wavifuate vivuli vyao nyumbani."